PICHA ZA HESABU NA JINSI ZIWEZAVYO KUMPOTEZA MSOMAJI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati.)



Kamati imenipa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya jambo lihusulo kazi yetu ya kila siku. Nimechagua picha za hesabu, yaani zile ambazo wengi wetu twaziita grafu au chati. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, siku hizi hapana ofisi isiyo nazo. Taarifa ya mwaka haitoki bila mistari ya kupanda na kushuka. Makisio ya fedha hayaletwi barazani bila nguzo za rangi. Na magazeti, televisheni na simu za mkononi hutuletea picha hizo asubuhi na jioni. Pili, mchoraji wa picha hizo aghalabu ni karani. Mkubwa hutia sahihi, lakini mkono uliopima na kuchora ni wa karani. Basi picha ikimpoteza msomaji, haitufai kusema kwamba sisi hatumo.

Neno nitakalolisema si refu, nalo ni hili: hesabu zaweza kuwa sahihi zote, kila tarakimu mahali pake, na picha iliyotokana nazo ikawa ya uongo. Mkaguzi akija hataona kosa daftarini, kwa sababu kosa halimo daftarini. Limo katika kipimo, au katika mpango, au katika kile kilichoachwa nje.

ASILI YAKE

Tangu kale wafanya biashara waliandika hesabu zao kwa safu za tarakimu. Mtu ajulikanaye sana kwa kuzigeuza kuwa picha ni William Playfair, Mskoti, ambaye ujanani mwake alikuwa mchoraji wa mitambo katika kazi ya James Watt. Mwaka 1786 alitoa mjini London kitabu cha picha za biashara ya Uingereza na nchi nyingine: mstari mmoja wa mali iliyoingia, mstari mmoja wa mali iliyotoka, na nafasi iliyo kati yake ikionyesha kama nchi imezidi au imepungukiwa. Alipofika kwa Scotland akaona kwamba hana hesabu za miaka mingi. Alikuwa nazo za mwaka mmoja tu, ulioishia 1781. Hakujitungia mstari. Alichora nguzo, kila nchi iliyofanya biashara na Scotland ikapata nguzo zake mbili. Kisha mwaka 1801 akatoa picha ya mviringo uliokatwa vipande, kama mkate wa kumimina ugawanywavyo kwa wageni.

Jambo hilo la Scotland lafaa kukumbukwa. Mwanzilishi wa kazi hii aliacha hesabu zimwambie picha ipi yafaa, wala hakuanza na picha aipendayo kisha akatafuta hesabu za kuijaza.

Faida ya picha yajulikana. Tarakimu husomwa, lakini picha hutazamwa, na jicho hufika kabla ya akili. Mtu aliyechoka, mwenye barua arobaini mezani, hatasoma safu za tarakimu, atatupia picha jicho moja, ataona mstari unapanda, naye atasema, "Mambo ni mazuri." Na hapo ndipo hatari ilipo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa picha za hesabu nadhani sharti aambiwe: atazame wapi, na atazame nini kwanza.

KOSA LA KWANZA: KUKATA KITAKO

Kila mmoja wetu akijua kibaba. Muuza duka asiye mwaminifu hana haja ya kuiba gunia zima. Hutia kitako cha pili ndani ya kibaba, kikawa kirefu kwa nje na kifupi kwa ndani. Anayenunua ahesabu vibaba kumi, na kweli ni kumi, lakini mchele haukutimia. Picha ya nguzo nayo yaweza kuchezewa kitako. Urefu wa nguzo ndio usemao habari. Ikiwa nguzo haikuanzia 0, sehemu kubwa ya urefu wake imefichwa chini ya karatasi, na kilichobaki juu hakina uhusiano na hesabu.

Nitatoa mfano wa kweli. Mwaka 2012 watu wa Marekani walikuwa wakibishana juu ya punguzo la kodi lililowekwa zamani za Rais Bush. Punguzo hilo lilikuwa karibu kwisha, na likiisha, kodi ya mapato ya daraja la juu kabisa ingepanda kutoka asilimia 35 hadi asilimia 39.6. Kituo kimoja cha televisheni kilionyesha nguzo mbili za jambo hilo. Tarakimu zilikuwa sahihi, nazo ziliandikwa wazi. Lakini mstari wa kusimama ulianza 34. Basi nguzo ya kwanza ikapata urefu wa 1, na ya pili urefu wa 5.6. Jicho likaona kodi inazidishwa mara tano na zaidi, na kumbe, katika daraja lile la mapato, tajiri aliyekuwa akilipa shilingi 100 angelipa kama shilingi 113. Mtu aweza kuipinga kodi hiyo au kuikubali. Hilo ni shauri lake. Lakini haifai aipinge kwa sababu ya shilingi ambazo hakuna aliyemtoza.

Hata hivyo msinielewe vibaya mkadhani kwamba kila picha sharti ianzie 0. Wenzetu wa hospitali huandika homa ya mgonjwa kwa mstari, na karatasi yao huanzia kama digrii 35. Wangeanzia 0, mtu mwenye digrii 37 na mtu mwenye digrii 40 wangeonekana karibu sawa, na mgonjwa angekufa mbele ya karatasi iliyonyooka. Kanuni ni hii: nguzo husema kwa urefu wake, kwa hiyo zianzie 0, mstari husema kwa kupanda na kushuka kwake, kwa hiyo waweza kuanzia penginepo, maadamu umeandika wazi ulipoanzia na kwa nini mabadiliko madogo ni makubwa katika jambo hilo.

KOSA LA PILI: MIAKA ISIYOLINGANA

Hapa nitakaa kidogo, maana mfano wake uko nyumbani, na kila karani aweza kuujaribu mwenyewe kwa penseli na rula.

Nchi ya Tanzania imehesabu watu wake mara sita tangu Muungano wa 1964. Hesabu zenyewe, kwa mamilioni, ni hizi:

Mwaka 1967: milioni 12.3
Mwaka 1978: milioni 17.5
Mwaka 1988: milioni 23.1
Mwaka 2002: milioni 34.4
Mwaka 2012: milioni 44.9
Mwaka 2022: milioni 61.7

Sasa karani mwenye haraka atachukua karatasi ya miraba, atie sensa sita kwenye mstari wa kulala, kila moja umbali wa sentimita mbili kutoka kwa mwenzake, kisha aunganishe nukta. Picha itapendeza. Naye msomaji ataona nini? Ataona kwamba kati ya 1978 na 1988 watu waliongezeka milioni 5.6; kisha, kati ya 1988 na 2002, mstari unaruka juu ghafula, nyongeza milioni 11.3, yaani mara mbili. Kisha kati ya 2002 na 2012 mstari unalegea kidogo, nyongeza milioni 10.5. Ataandika makala kuuliza ni jambo gani lililotokea baada ya 1988 hata watu wakazaana namna ile, na ni jambo gani lililowapunguza mwendo baada ya 2002.

Lililotokea ni kwamba kati ya sensa ya 1988 na ile iliyofuata ilipita miaka 14, wala si 10. Hatua ile ya picha ina miaka mingi zaidi ndani yake, nayo imebanwa katika sentimita mbili zile zile. Gawanya nyongeza kwa miaka, na kisa chote chageuka. Kati ya 1967 na 1978 watu waliongezeka kama milioni 0.47 kwa mwaka. Kati ya 1978 na 1988, milioni 0.56, kati ya 1988 na 2002, milioni 0.81, kati ya 2002 na 2012, milioni 1.05, na kati ya 2012 na 2022, milioni 1.68. Hapakuwa na kulegea popote. Kila kipindi kiliongeza watu wengi kwa mwaka kuliko kilichotangulia. Pale picha ilipoonyesha mwendo unapungua, ndipo kwa kweli ulipozidi.

Dawa yake ni nyepesi: mstari wa kulala upimwe kwa miaka, usipimwe kwa idadi ya sensa. Kati ya 1988 na 2002 iwepo nafasi ya miaka 14, na kati ya 2002 na 2012 iwepo nafasi ya miaka 10. Mashine za siku hizi, yaani kompyuta, hazitakufanyia jambo hili usipoziamuru. Aghalabu hupanga nukta sawa sawa kama askari kwenye gwaride, bila kuuliza tarehe.

Na kuna neno moja zaidi katika mfano huu. Mtu mwingine atasema, "La, mwendo ulipungua kweli baada ya 2002, maana ongezeko la watu kwa mia lilikuwa 2.9 kwa mwaka kati ya 1988 na 2002, likawa 2.7 kati ya 2002 na 2012." Naye asema kweli. Kwa kila watu mia, nyongeza ilipungua kidogo; lakini kwa kuwa mamia yenyewe yamekuwa mengi, watu walioongezeka walizidi. Picha mbili, zote za kweli, moja yashuka na moja yapanda. Mtu anayetaka kujua tabia ya ongezeko atazame ile ya kwa mia. Anayetaka kujua madawati mangapi yahitajiwa shuleni atazame ile ya watu, kwa sababu mtoto hakalii asilimia, hukalia dawati. Basi mchoraji aandike juu ya picha, kwa maneno kamili, ni kitu gani alichokichora.

KOSA LA TATU: MPANGO ULIOGEUZWA

Hili nitalipita upesi. Msomaji huamini mambo mawili bila ya kuambiwa: kwamba siku zafuatana kutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba juu ni zaidi na chini ni pungufu. Mchoraji akiivunja desturi hiyo bila kupiga mbiu, amemtegea msomaji shimo.

Mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya Korona, idara ya afya ya jimbo la Georgia huko Marekani ilitoa picha ya wagonjwa wa wilaya tano. Nguzo zilishuka ngazi kwa ngazi, ikaonekana maradhi yanakwisha. Lakini waliosoma maandishi madogo chini yake waliona kwamba tarehe hazifuatani: siku zilipangwa kwa wingi wa wagonjwa, yenye wengi mbele na yenye wachache nyuma. Kwa mpango huo maradhi yoyote hupungua, hata tauni. Picha ilibadilishwa, na radhi ikaombwa.

Mwezi wa Februari 2014 ilitolewa picha ya Reuters juu ya watu waliouawa kwa bunduki katika jimbo la Florida, ambalo mwaka 2005 lilipitisha sheria ya kumruhusu mtu kujihami kwa silaha pasipo kwanza kujaribu kukimbia. Katika picha hiyo 0 iliwekwa juu, na hesabu kubwa chini. Baada ya 2005 mstari ulishuka sana. Wasomaji wengi wakaona kwamba mauaji yamepungua, na kumbe yameongezeka. Tarakimu zilikuwapo pembeni kwa atakaye kuzisoma. Lakini nani husoma pembeni, ikiwa katikati pamekwisha sema?

KOSA LA NNE: JUMLA ISIYOSHUKA

Tuseme chama fulani kimeandikisha wanachama wapya 40 mwezi wa Januari, 25 Februari, 10 Machi, 4 Aprili, na 1 Mei. Huo ni mfano wangu tu. Katibu akichora wanachama wapya wa kila mwezi, mstari waporomoka, na mkutano utamwuliza sababu. Akichora jumla, yaani 40, 65, 75, 79, 80, mstari wapanda, na mkutano utampigia makofi. Lakini jumla ya namna hiyo haiwezi kushuka hata ikitaka. Hata mwezi asipoingia mtu, hukaa pale pale. Ni kama umri: hakuna mtu apungukiwaye miaka, wala hakuna asifiwaye kwa hilo.

Kwa hiyo mkiona mstari usioshuka kamwe, ulizeni: hii ni hesabu ya mwezi, au ni jumla tangu mwanzo? Tena tazameni kama mstari unazidi kulala kadiri uendavyo. Kulala kwake ndiko habari yenyewe.

KOSA LA TANO: UKUBWA WA UMBO

Wachoraji wengine, kwa kutaka kupendeza, huacha nguzo wakachora gunia la mahindi, au ng'ombe, au mtu. Mavuno yakiwa magunia 100 mwaka huu na 200 mwaka ujao, huchora gunia la pili lenye urefu mara mbili. Lakini gunia likirefushwa mara mbili sharti linenepe mara mbili, ama sivyo litakuwa mkeka uliokunjwa. Basi gunia hilo hujaza karatasi mara nne. Na kwa kuwa jicho lajua kwamba gunia lina tumbo, huliona kama mara nane. Mkulima amepata mara mbili, na picha imempa mara nane.

Bibi Florence Nightingale, mwuguzi mashuhuri, aliijua hatari hiyo. Mwaka 1858 alitoa picha za vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, zilizokuwa mfano wa vipande vilivyotandazwa kuzunguka kitovu kimoja. Chini yake aliandika kwamba vipande hivyo vipimwe kwa eneo lake kutoka katikati. Kwa picha hizo aliwaonyesha wakubwa kwamba askari waliokufa kwa maradhi yawezayo kuzuiwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Hakuhitaji kukuza kitu. Kweli yenyewe ilikuwa kubwa ya kutosha.

Na ramani ni ndugu ya picha za hesabu. Ramani ya dunia iliyochorwa na Mercator mwaka 1569 iliwafaa mabaharia, kwa kuwa mstari ulionyooka juu yake humwonyesha nahodha upande mmoja wa dira tangu mwanzo hadi mwisho. Ila ili kupata faida hiyo ilibidi nchi zilizo karibu na ncha za dunia zivutwe na kukuzwa. Ndiyo sababu kisiwa cha Greenland chaonekana humo karibu sawa na Afrika, na kumbe Afrika ina kilomita za mraba kama milioni 30, na Greenland kama milioni 2.2, Greenland yaweza kuingia ndani ya Afrika mara kumi na nne. Mwezi wa Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono wito wa kutumia ramani zionyeshazo ukubwa wa kweli wa bara letu. Mercator hakudanganya mtu; alitengeneza chombo cha baharini. Kosa ni la waliokitundika darasani, na kuwaacha watoto waamini kwamba ndiyo sura ya dunia.

KOSA LA SITA: YALIYOACHWA NJE

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote, na kwa sababu jicho haliwezi kuligundua. Kitako kilichokatwa chaonekana ukitazama. Tarehe zilizogeuzwa zaonekana ukisoma. Lakini nukta isiyochorwa haionekani.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Challenger kilirushwa asubuhi ya baridi kali, kikavunjika baada ya sekunde 73, na watu 7 waliokuwamo wakafa wote. Kisa chake kilikuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi: kwa baridi zilikuwa ngumu, hazikuziba, na moto ukapenya. Usiku uliotangulia, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walishauri kwamba chombo kisirushwe katika baridi ya chini ya digrii 53 za Fahrenheit, yaani kama 12 za Sentigredi, maana baridi hiyo ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote katika safari zilizopita, nayo iliziharibu pete. Shauri lao lilijadiliwa kwa simu. Ikasemwa kwamba pete ziliharibika pia katika safari ya digrii 75, siku ya joto; basi yaonekana hitilafu yaweza kutokea kwa baridi na kwa joto, wala haifungamani na hali ya hewa. Mwishowe wakubwa wa kampuni wakakubali chombo kirushwe.

Tume iliyowekwa na Rais wa Marekani, chini ya uenyekiti wa William Rogers, ilichunguza jambo hilo, na katika taarifa yake ya 1986 ilichapa picha mbili. Ya kwanza ilikuwa na safari 7 tu, zile ambazo pete zilipata hitilafu. Ukiitazama, nukta zimetapakaa, nyingine kwenye baridi, nyingine kwenye joto, na huoni kanuni. Ya pili ilikuwa na safari zote, pamoja na zile zilizokwenda salama. Hapo kanuni yatokea kama jua. Katika safari 20 zilizofanyika kwa digrii 66 au zaidi, zilizopata hitilafu ni 3. Katika safari 4 zilizofanyika kwa digrii 63 au chini yake, zilizopata hitilafu ni 4. Na asubuhi ile hewa ilikuwa kama digrii 36.

Ndugu zangu, sisemi kwamba picha peke yake ndiyo iliyowaua watu wale. Haraka na shauri la wakubwa vilikuwamo. Lakini tazameni: hakuna aliyeghushi tarakimu hata moja. Waliziacha nje safari zilizokwenda salama, kwa kudhani kwamba asiyeumwa hana habari ya kumpa tabibu. Na kumbe habari ilikuwa kwao. Wote waliokwenda salama walikwenda wakati wa joto.

Sisi hatutengenezi roketi, lakini kosa hilo laingia kila ofisi. Ukitaka kujua kama mvua hulichelewesha gari la barua, usiandike siku lilipochelewa tu. Andika na siku lilipowahi, kisha uone siku hizo zilikuwa za mvua au za jua.

JE, TUZIACHE PICHA?

Huenda mwenzangu mmoja akasema, "Ikiwa ndivyo, tuchomeni grafu zote, turudi kwa tarakimu zetu." Hasha. Tarakimu nazo huficha. Mwaka 1973 mwanahesabu F. J. Anscombe alitunga makundi manne ya hesabu, kila kundi lina nukta 11. Ukitafuta wastani wao, wote ni sawa: 9 kwa upande mmoja na 7.5 kwa upande wa pili. Ukitafuta mstari ulio karibu na nukta, ni ule ule mmoja kwa makundi yote. Karani anayejumlisha tu angeandika, "Makundi haya hayana tofauti." Lakini zichore: la kwanza ni nukta zilizotawanyika kando ya mstari, la pili limepinda kama upinde, la tatu limenyooka sawasawa isipokuwa nukta moja iliyokimbia, la nne nukta zake zimesimama wima, isipokuwa moja iliyo mbali, nayo peke yake ndiyo iliyouvuta mstari.

Basi picha na tarakimu ni kama mizani na jiwe lake. Mizani bila jiwe haipimi, na jiwe bila mizani ni jiwe tu. Kila kimoja humshuhudia mwenziwe.

WAJIBU WETU

Namalizia kwa mashauri machache. Ukiwa msomaji wa picha, jiulize maswali matano kabla ya kutia sahihi au kupiga makofi. Kipimo chaanzia wapi? Nafasi kati ya tarehe ni sawa na wakati wenyewe? Hii ni hesabu ya kipindi au ni jumla? Umbo lapimwa kwa urefu au kwa eneo? Na la tano: ni nani asiyekuwamo?

Ukiwa mchoraji, andika kichwa kinachosema ni kitu gani kilichohesabiwa, wapi, na miaka gani. Andika tarakimu zenyewe chini ya picha au pembeni mwake, ili mwenye shaka apate kukusahihisha. Ukikata kitako kwa sababu nzuri, sema kwamba umekikata. Ukiacha mwezi au wilaya nje, sema kwamba umeiacha, na sababu yake.

Lakini lipo neno gumu kuliko hayo. Siku moja mkubwa atasema, "Karani, mstari huu fanya upande kidogo." Hatasema ughushi, atasema uanze mwezi mwingine, au uchore jumla. Tuseme ni mahali ambapo homa ya malaria huzidi baada ya masika. Ukianza picha mwezi wa Juni, wagonjwa wakiwa wengi, na kuimaliza Septemba, wakiwa wachache, umechora ushindi ulioletwa na kiangazi. Picha itakwenda makao makuu, nako wataona kwamba zahanati ile haihitaji dawa nyingi kama zamani. Gharama yake hatailipa mkubwa, wala hutailipa wewe. Ataikuta mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, naye atafunguliwa kabati lisilo na kitu. Mama huyo hakuiona picha, wala hataiona kamwe.

Kwa hiyo nashauri hivi. Karani asibishane na mkubwa wake kwa ukali, wala asinyamaze. Achore picha ya miezi kumi na miwili, na ya mwaka uliotangulia kando yake, azilete mezani pamoja na ile aliyoagizwa, aseme kwa heshima, "Bwana, picha hii ya pili itatukinga tutakapoulizwa." Wakubwa wengi ni watu wa haki wakionyeshwa mambo kabla hayajatoka ofisini. Na ikiwa mkubwa hakubali, angalau tarakimu ziandikwe chini ya picha kwa ukamilifu, zisomwe na yeyote. Ufundi wetu ni kalamu, na heshima ya kalamu ni kwamba asomaye mbali aweza kumwamini aandikaye asiyemjua.

Aliye na swali na aulize. Na aliye na grafu ya ofisini kwake na ailete katika mkutano ujao, tuitazame pamoja.